Taa Ambazo Baba Yako Hakuzitengeneza

Isiolo, Alhamisi, baada ya alasiri

Kabale mwanangu,

Salaam aleikum.

Mambo ya safari yako ya kesho ya chuoni sitakuandikia. Shangazi yako amekwambia ya kutosha kuhusu begi na shali na nani wa kuketi karibu naye, na najua ulisikia nusu tu. Mimi nina jambo jingine. Leo adhuhuri nimezua fujo kwenye gereji ya Hajji, pale baba yako alipokuwa akifanya kazi, mbele ya wanaume waliokuja kukuombea dua ya safari, na ukirudi kutoka kumuaga nyanya yako utakuta mtaa mzima unaongea. Watakwambia mama yako ameingiwa na wazimu kwa uchungu wa kuachwa. Sina wazimu. Nina hasira, na hasira hii ina miaka kumi na mitatu.

Kwa mdomo nimejaribu mara nyingi nikashindwa. Kwa hiyo nitakupa barua hii mkononi, uisome ndani nami nikae nje, kisha uniulize unachotaka. Mwandiko wangu ni wa ngumbaru, wa kujifunza ukubwani, utanisamehe herufi.

Jambo lenyewe ni hili: baba yako hakutengeneza taa hata moja.

Soma tena kama hukuamini. Ngamia wa chuma aliye kwenye meza ya mkuu wa wilaya, mbuni walioko katika ile hoteli ya mbugani, yule mzee aliyechuchumaa na moto katikati ya magoti yake, ambaye mwalimu wako alikupeleka ukamwone ukarudi umejaa fahari. Halake hakumgusa hata mmoja wao. Alikuwa amekwisha kufa.

Nataka kwanza nikupe baba yako wa kweli, maana nilikunyima. Halake alikuwa fundi wa injini, na kwa injini sijaona mwenzake. Madereva wa Moyale na Wajir walikuwa wakingoja siku mbili nje ya gereji, mafundi wengine wamekaa bure, ili washikiwe lori na yeye. Alikuwa akiongea na injini kwa Kiborana, pole pole, kama mtu anayembembeleza ng'ombe aachilie maziwa. Nilimcheka kwa hilo mpaka siku ya mwisho. Hakuwa na mkono wa kazi ndogo ndogo. Nilimwomba anizibie birika akaliharibu kabisa. Alipenda chai yenye chumvi, alikubeba mabegani mpaka kisimani na kurudi, na hakunipigia kelele hata siku moja. Huyo ndiye baba yako. Anatosha vile alivyokuwa, na mimi nikamwongezea uongo kana kwamba hatoshi.

Alikufa chini ya lori. Jeki ilikuwa imekwisha meno, na mara tatu alimwambia Hajji aibadilishe. Mara ya tatu nilikuwepo, nimemletea chakula, nikasikia kwa masikio yangu Hajji akimjibu kwamba fundi hodari hachagui jeki. Wiki hiyo hiyo ikateleza. Hajji alikuja mazikoni, akasimama mlangoni kwangu, akaniambia ni kudra ya Mungu. Jeki mbovu akaiita kudra. Nami nikajibu alhamdulillahi, kwa sababu nilikuwa na wewe wa miaka mitano, na nyumbani Sericho hakukuwa na ng'ombe wa kurudia. Baadaye akaniruhusu niuze chai langoni kwa gereji yake, na watu wakamsifu kwa huruma.

Nyuma ya gereji kulikuwa na rundo la vyuma vilivyotupwa: springi, gia, madigadi, pistoni, rejeta zilizotoboka, bakuli za taa za mbele za malori yaliyokufa barabarani. Nilikuwa nikifungua biashara kabla hakujapambazuka, na unaujua upepo wa hapa. Kila nikiwasha koroboi, upepo unaizima. Siku moja nikaokota bakuli la taa ya lori, lile la ndani linalong'aa, nikalisimamisha nyuma ya koroboi. Upepo ukakatika, na mwanga ukatoka mara mbili. Nikalilehemu pamoja na mkebe wa mafuta ya breki, nikaweka chini pistoni ili lisianguke. Chuma cha kulehemu kilikuwa cha sanduku la Halake. Hakuwahi kukitumia vizuri. Mimi mkono ulikishika kama uliokuwa ukikingoja.

Hapo ndipo alipoingia Akiru. Jina hilo hujalisikia kwangu, na hiyo ni aibu yangu nitakayoifikia. Akiru alikuwa mwanamke wa Kiturkana wa Ngaremara, Mkristo, mwembamba, mrefu, sauti ya chini. Alileta makaa mjini kwa kichwa na mimi nilikuwa mteja wake wa kwanza kila asubuhi. Siku hiyo alitua gunia, akasema habari mama, kisha akaitazama taa yangu.

Akasema, "Huyu mwanamke hana shingo."

Nilikuwa sijui kwamba ni mwanamke. Kwangu ilikuwa taa. Akaenda kwenye rundo, akarudi na springi ndogo ya valvu, akaiweka kati ya mkebe na pistoni, na papo hapo nikamwona: mama amejitanda shali, kichwa ameinua, uso wake ni moto. Nilimzunguka mara mbili, Kabale. Sijui kukueleza zaidi ya hapo.

Tangu siku hiyo tulifanya kazi pamoja. Yeye alikuwa na jicho, mimi nilikuwa na mkono. Alikuwa akizunguka rundo kama mtu anayetafuta mbuzi wake katika kundi la watu, anainama, anavuta kitu kimoja, spana iliyopinda au tangi la pikipiki, na kuniambia huyu amelala, huyu anakimbia. Mimi nilitafuta njia ya kuviunga visiachane, na njia ya kupitisha utambi na mafuta mahali ambapo moto ungetoka pale alipotaka. Wakati mwingine tulibishana kutwa kwa sababu ya mguu mmoja wa ngamia. Yule mzee aliyechuchumaa alituchukua msimu mzima wa mvua. Miguu ni spana mbili zilizokatika, mgongo ni kipande cha springi ya lori. Akiru alinifanya niufungue ule mgongo mara nne. Alisema mzee anayekinga moto hainami kwa uchovu, anainama kwa wivu. Nilipouweka sawa alitikisa kichwa kidogo tu, akaenda kuuza makaa yake.

Taa ya kwanza ilinunuliwa na mhandisi wa barabara aliyekuja kurekebishiwa gari. Akauliza nani ameitengeneza. Mimi nilikuwa nimefungua mdomo. Hajji akanitangulia, akasema ni kazi ya fundi wake marehemu, Halake, Mungu amrehemu, aliyefia kazini. Mhandisi akavua kofia. Akaishika taa kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto. Kisha akanigeukia mimi, mjane, akaniuliza kama ni kweli.

Nikasema ni kweli.

Nimekaa na neno hilo miaka yote hii na nimelitafutia sababu nyingi. Nilisema nilimwogopa Hajji asinifungie rundo. Nilisema watu wa mtaa wangenisema, mwanamke wa Kiborana, mjane, anashinda na vyuma vya moto katikati ya wanaume. Sababu niliyoipenda kuliko zote ilikuwa wewe. Nilisema namjengea mwanangu baba, asikue akijua tu kwamba baba yake alipondwa na lori. Hiyo ilikuwa tamu sana. Niliilamba kama asali kila nilipoona haya.

Basi marehemu akaanza kazi. Taa zilipozidi, Hajji aliwaambia watu kwamba Halake aliacha chumba kizima kimejaa. Mwaka ukapita, chumba hakiishi. Miaka mitatu, mitano, minane. Wanaume wazima, wenye akili, wanaojua kuhesabu ngamia mia kwa kutupa jicho, hawakujiuliza maiti anawezaje kuwa na bidii hivyo. Mtu aliyelala makaburini alikuwa akituma taa mpya kila mwezi, nao wakaona hilo ni jepesi kuamini kuliko kuamini kwamba muuza chai aliye mbele yao, mwenye masizi ya kulehemu kwenye vidole anavyowapokezea kikombe, ndiye anayezitengeneza.

Na wewe nilikudanganya kwa mdomo wangu mwenyewe. Ulikuwa kwa nyanya yako Sericho, kisha shule ya bweni Meru. Ulipokuja likizo ukanikuta nimeinama juu ya jiko la makaa na ngamia asiye na kichwa mikononi, nikakwambia namalizia alichoacha baba yako. Ukaketi karibu nami ukaniuliza kama baba angefurahi. Nikasema angefurahi. Ulikuwa na miaka tisa.

Sasa nifike kwa Akiru.

Mwaka wa nane alikuja mama mmoja Mzungu mwenye duka la vitu vya watalii Nairobi. Alikuwa amesikia habari za marehemu. Alitaka taa nyingi, na alitaka kupiga picha za familia ya fundi. Akasema anarudi kesho na kamera. Alipoondoka, Akiru alikuwa ameketi nyuma ya gereji, ana gia ndogo mkononi, anaigeuza. Akaniambia kesho tumwambie ukweli. Akasema picha itapigwa, na kwenye picha hiyo anataka asimame.

Nikakataa. Nikamwambia mambo yataharibika. Akasema hayataharibika, watu watashangaa siku mbili kisha watazoea. Nikamwambia yeye hana la kupoteza. Akaacha kuigeuza ile gia.

Akasema, "Kwani mimi ni nani katika taa hizi?"

Nikamjibu, "Wewe ni muuza makaa."

Ndivyo nilivyosema, Kabale. Sikulazimishwa na Hajji, wala hakukuwa na mtu wa kunitisha. Nilikuwa na hasira na kila aliyeninyima jina langu, na mtu mmoja aliyenijua nikamfanyia lile lile, tena usoni. Akiru aliiweka ile gia chini taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika, akakunja gunia lake akaenda. Kesho yake nilipigwa picha peke yangu, nimejitanda, macho chini, mjane wa fundi. Makaa nikaanza kununua kwa mtu mwingine.

Taa nilizotengeneza baada ya hapo zilikuwa vyuma vilivyoshikana tu. Zilikuwa na miguu na shingo na moto, na hazikuwa na mtu ndani. Yule mama Mzungu alichukua chache, akasema naona tumefika mwisho wa zile nzuri za marehemu. Hakurudi. Hajji akasema vyuma vyote vilikuwa mali yake tangu mwanzo, akazoa taa zilizobaki akazipeleka nyumbani kwake. Nikabaki na birika.

Nilipoanza ngumbaru, dereva mmoja alileta darasani karatasi ya matangazo ya lile duka. Ilikuwa na picha ya mzee wetu aliyechuchumaa. Maneno yalikuwa ya Kiingereza, siyajui, lakini herufi nilikuwa nimeanza kuzitambua. Nikapitisha kidole, nikasoma Halake. Lilikuwa neno la kwanza nililosoma nje ya kitabu cha mwalimu, na mwalimu akanipongeza mbele ya wenzangu. Nikapitisha kidole kutoka juu mpaka chini nikilitafuta langu. Halikuwepo. Nikakaa na hasira yangu kali mpaka somo likaisha, ndipo nikakumbuka kwamba la Akiru sikulitafuta.

Mwaka wa ule ukame wa themanini na nne nilikwenda Ngaremara. Nilibeba unga. Nilimkuta nje ya nyumba yake, amebakiwa na mbuzi watatu, amezeeka kunizidi ingawa ni mdogo kwangu. Alisema habari, nikasema salaam. Akanikaribisha kivulini. Akapokea unga akawapa wakwe zake wapike, hakukataa kwa kiburi, watoto walikuwa na njaa. Nikaanza kuomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Akanikatiza.

"Unga nimepokea. Hayo maneno huku hayana kazi, huku wananijua. Kayaseme pale uliponikana."

Nikaahidi. Nikarudi mjini. Sikusema. Miaka miwili, kila Ijumaa nilisema wiki ijayo. Januari ulileta fomu ya chuo cha Kisumu. Mahali pa kueleza kwa nini unataka kusomea kazi ya chuma uliandika kwamba unafuata nyayo za marehemu baba yako. Ukanisomea kwa sauti, ukaniambia mama tia sahihi. Nikatia. Nilijifunza kuandika jina langu uzeeni, na nililipeleka kuthibitisha uongo.

Sasa ya leo. Hajji aliwakusanya watu, akaomba dua, nzuri, sikatai. Kisha akasema binti wa Halake anakwenda kusomea kazi ya mikono ya baba yake, na kwamba damu ya ufundi haipotei. Watu wakaitikia. Mimi nilikuwa nazunguka na birika. Nikaliweka chini.

Nikasema, "Hajji, Halake hakutengeneza taa."

Akaniambia kwa upole, "Mama Kabale, mwache marehemu apumzike."

"Wewe ndiye uliyemkatalia kupumzika. Umemfanyisha kazi miaka minane yuko kaburini."

Kuna mtu alicheka, kisha akatazama viatu vyake. Nikawaambia yote. Niliwaonyesha vidole vyangu, alama za risasi ya kulehemu ambazo kila mmoja wao amekuwa akiziona akipokea chai. Hajji alibadilika rangi. Akasema kama ni mimi, basi nilimwibia vyuma vyake.

Nikamjibu, "Vyuma vilikuwa vyako. Na ile jeki nayo ilikuwa yako."

Sikuwa nimepanga kulisema hilo. Lilikuwa limekaa nyuma ya mengine yote, na lilipata njia. Hajji aliketi. Kwa mara ya kwanza nilimwona kama mzee. Sikumwonea huruma, na bado simwonei.

Kisha dereva mmoja wa zamani, mtu aliyekunywa chai yangu tangu mwanzo, akaniuliza kama nilifanya yote peke yangu. Ningeweza kusema ndiyo. Walikuwa tayari kuamini, nami nilikuwa nimechoka, na watu wote walikuwa wakinitazama mimi, jambo nililolitamani miaka mingi. Nikasema hapana. Nikasema umbo la kila taa lilitoka kwa Akiru wa Ngaremara, mimi niliunga tu. Nikasema mimi mwenyewe ndiye niliyemfukuza kwa maneno.

Wakatazamana. Yule dereva akauliza, "Akiru ni nani?"

Miaka minane mwanamke huyo aliingia lango lile kila asubuhi na gunia kichwani, akawasalimu wote. Hakuna hata mmoja aliyemkumbuka. Nilikuwa nimekuja pale kuwakasirikia wao kwa kutoniona, na nikasimama katikati yao nikiwa ndiye niliyewasaidia wasimwone yeye. Niliokota birika langu nikaja nyumbani kukuandikia.

Wewe una haki ya kunikasirikia, na usiharakishe kunisamehe kwa sababu ya safari. Umelia makaburini kwa ajili ya fundi ambaye hakuwahi kuwako. Mikono yako umekuwa ukisema ni ya baba yako. Ni ya kwangu. Hata kidole kidogo kinavyokunjika ukishika koleo ni cha kwangu, na kila ulipokisifia kwa Halake nilikaa kimya nikaumwa. Ukitaka kuiacha kazi ya chuma baada ya kusoma hapa, iache, sitakuuliza. Ukiendelea nayo, huko Kisumu atakuwepo mtu wa kukushikia kipande wakati wewe unachomelea, na watakuja watu wamsifu mmoja wenu. Mimi wakati huo ulinikuta nikachagua vibaya mara mbili, mara moja kwa woga na mara moja kwa kiburi. Ya kiburi ndiyo inayoniuma.

Kesho lori lako likishaondoka nitaenda Ngaremara. Sibebi unga safari hii, nisije nikaonekana nanunua. Nitamwambia nimeyasema, na nitamwambia pia waliuliza yeye ni nani, maana hilo nalo ni lake kujua. Anaweza kunifukuza. Anaweza kuniambia nimechelewa, na itakuwa kweli. Nikirudi nitakuandikia alivyonijibu, liwe zuri au baya, bila kupunguza.

Nakusikia langoni unaongea na jirani, na sauti yako inaonyesha umeshaambiwa. Ingia ndani. Barua ndiyo hii, na mimi niko hapa nje kwenye kigoda.

Mama yako,

Talaso, fundi wa taa